Shajara ya mradi: Verdi ndani ya mapigo matano

Siku ya 1

Nimeanza daftari hili kwa sababu mara ya mwisho nilipojaribu jambo kama hili sikuandika kitu, na miezi sita baadaye sikukumbuka hata do yangu niliiweka wapi. Safari hii naandika kila siku tunayogusa kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Mwaka 1980 ilitoka filamu ya kutisha ya Kiitaliano, Inferno, ya mwongozaji Dario Argento. Muziki wake ulitungwa na Keith Emerson, mpiga vinanda wa Emerson, Lake & Palmer, bendi ya Kiingereza ya roki ya progresivu iliyokuwa imevunjika muda mfupi tu kabla ya hapo. Ndani yake kuna kipande cha dakika mbili na ushei kinachoitwa "Taxi Ride (Rome)". Msichana anayeitwa Sara amepanda teksi usiku, mvua inamwagika, anakwenda maktaba kutafuta kitabu ambacho laiti angekiacha rafuni angeliona jua la kesho yake. Chini ya safari hiyo Emerson ameweka wimbo wa kwaya wa Giuseppe Verdi, "Va, pensiero", kutoka opera ya Nabucco. Wimbo wa mapigo manne, wa taratibu kabisa, ameugeuza mapigo matano ya mbio.

Nataka tuupige. Mimi kinanda, jamaa wawili wa besi na dramu ninaopiga nao kwenye harusi, na wanakwaya wanane ambao Mwalimu wao wa kwaya amekubali kuniazima kwa sharti kwamba mazoezi ya Jumapili yasiguswe. Lengo ni rekodi moja safi. Basi.

Siku ya 2

Nimesikiliza kipande hicho mara kumi na moja kwa hedifoni, kalamu mkononi. Mara sita za mwanzo sikumpata Verdi kabisa. Nilisikia besi inakimbia, dramu zinakimbia, vinanda vinakimbia, nikajiambia labda nimechukua faili lisilo lenyewe. Mara ya saba nilikuwa nakoroga chai, sisikilizi kwa makini, na ghafla sauti yake ikapita kama mtu unayemfahamu anavyopita dirishani. Nikaweka kijiko chini.

Nimefarijika kusoma kwamba Argento mwenyewe yalimkuta hayo hayo. Ndiye aliyemwomba Emerson amtumie Verdi, na alipokuja kusikiliza kazi imefika wapi, hakuutambua wimbo aliouagiza. Emerson alichagua mapigo matano makusudi ili yafanane na teksi inayorukaruka barabarani. Baadaye Argento alifurahi.

Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: *wimbo umefichwa, haukupambwa.* Nadhani hapo ndipo penye siri, ila bado sijui amefichaje.

Siku ya 5

Mpiga besi ameniuliza kwa nini nisichukue kitu chepesi, kwa mfano muziki wa Lisztomania. Swali halali. Filamu hiyo ni ya Ken Russell, ya mwaka 1975, Roger Daltrey wa bendi ya The Who ndiye anayeigiza mtunzi Liszt, na muziki ulisimamiwa na Rick Wakeman, mpiga vinanda aliyepata jina akiwa na bendi ya Yes. Wakeman aliwachukua Liszt na Wagner akawapitisha kwenye sintesaiza, besi na dramu. Ile "Liebestraum", ndoto ya mapenzi ambayo kila mwanafunzi wa piano huiharibu angalau mara moja, ikawa wimbo wa kuimbwa wenye maneno ya Kiingereza.

Nimeisikiliza yote jana usiku. Kwa maoni yangu Wakeman ni fundi kuliko Emerson katika kuchagua sauti, lakini Liszt wake amebaki Liszt aliyevalishwa koti jipya. Unamwona tangu mbali. Wakeman mwenyewe inasemekana hakuridhika na santuri ilivyotoka. Mimi nilichotaka ni kile cha chai na kijiko.

Hata hivyo kuna kitu nimekichukua kwake, nacho hakimo kwenye filamu. Mwaka 1971, kwenye santuri ya Fragile ya Yes, aliipiga sehemu ya tatu ya simfonia ya 4 ya Brahms peke yake. Akazigawa sehemu za okestra kwa vinanda: piano ya umeme ikashika nafasi ya nyuzi, piano kubwa zumari, ogani tarumbeta na jamaa zake, na kuendelea. Yaani kabla ya kugusa noti hata moja alishaamua nani ni nani. Nimefanya hivyo leo: kwaya ni kwaya, mkono wangu wa kulia ni nyuzi za Verdi, wa kushoto ni zile pembe zinazosubiri, besi na dramu ni teksi.

Mpiga besi amesema yeye hataki kuwa teksi, anataka kuwa dereva. Sawa.

Siku ya 6

Mapigo matano yamemshinda mpiga dramu. Si kwamba hajui. Mtu huyu hupiga saa tano za harusi bila kunywa maji. Tatizo ni kwamba mikono yake imezoea nne, na kila akifika la tano anaongeza la sita na la saba kwa heshima ya mazoea, halafu la nane linamrudisha nyumbani.

Tulihesabu kwa namba, ikawa vurugu, kwa sababu "tano" ina silabi mbili na "moja" mbili na "tatu" mbili, kwa hiyo mdomo unapiga kumi huku mkono unapiga tano. Nikamwambia aache namba. Tukatafuta neno. Akasema mwenyewe, bila kufikiri: "Ka-ri-a-ko-o."

Silabi tano. Tena inajigawa yenyewe, tatu halafu mbili: Ka-ri-a, ko-o. Kiki, dramu ya mguu, kwenye Ka; sneya, dramu ya mkono, kwenye ko. Alipiga hivyo dakika nne nzima bila kuteleza, akitabasamu. Akiteleza, sasa tunajua ametelezea wapi: amerudi Ma-go-me-ni, silabi nne. Tumecheka sana. Kutoka Magomeni hadi Kariakoo ni mwendo wa silabi moja, lakini imetuchukua jioni nzima.

Siku ya 9

Nimeandika nota za kwaya. Wanakwaya wetu hawasomi mistari mitano, wanasoma solfa, mfumo wa do-re-mi ulioenezwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, katika karne ya 19, enzi zile zile Verdi alipokuwa akitunga. Kwa kazi hii solfa ina baraka moja kubwa: Verdi aliandika wimbo huu kwenye ufunguo wa F# mejo, shapu sita, na wanakwaya hawatajua kamwe. Kwao do ni do. Mimi ndiye ninayehangaika, nami nimebonyeza kitufe cha kinanda nikapandisha hadi G. Emerson angenicheka, lakini hayupo tena.

Ugumu umekuja kwenye vistari. Karatasi ya solfa ya mapigo manne kila mwanakwaya anaifahamu kwa macho: wima, nukta mbili, wima fupi katikati, nukta mbili, wima. Ya mapigo matatu pia. Ya matano hawajapata kuiona. Nimechora hivi:

| : : | : ||

Yaani chumba cha watu watatu na chumba cha watu wawili, nyumba moja. Nimejaza kurasa mbili kwa mkono, nikapiga picha, nikamtumia Mwalimu. Amejibu kwa ujumbe wa sauti: "Nimeiona kazi yako. Hiki chumba cha pili kimepungua mtu." Nikampigia simu kumweleza. Kimya kidogo, halafu: "Kwa hiyo umekusudia?"

Nimekusudia, Mwalimu.

Siku ya 10

Adapta ya kinanda imeungua. Nimenunua nyingine, nayo imeungua jioni ile ile. Muuzaji anasema ni umeme wa nyumbani kwangu, fundi umeme anasema ni adapta. Hakuna kazi leo.

Siku ya 13

Mazoezi ya kwanza na kwaya. Watu wanane, wawili kila sauti, Mwalimu amekaa pembeni na miwani yake puani.

Nilianza kwa kuwasimulia wimbo wenyewe. Nabucco ilionyeshwa mara ya kwanza La Scala, Milano, tarehe 9 Machi 1842. Wanaoimba ni Waebrania mateka, kando ya mto Frati. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa kirefu, lakini dada mmoja wa sauti ya pili akanikatisha: "Si ndiyo Zaburi ya 137?" Wote wakaikariri pale pale: *Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi.* Mwalimu akaongeza mstari wa pili, ule wa vinubi kutundikwa kwenye miti. Ndipo nikawaonyesha ubeti wa tatu wa Kiitaliano, "Arpa d'or", kinubi cha dhahabu, mbona umetundikwa mtini umenyamaza? Somo likaishia hapo. Sikuwa na la kuongeza.

Kiitaliano wanakiimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Irabu zake ni zetu, a, e, i, o, u, hazijikunji. Tatizo liko kwenye konsonanti zilizobanana. Mstari wa pili una neno "clivi". Sauti ya nne wanasema "kilivi", na kwa ndimi zetu hiyo ni haki kabisa, ndivyo Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ilivyogeuka Kariakoo. Lakini hapa imeongeza silabi, na kwa kuwa nimeweka silabi moja kwa kila pigo, watu wawili wakachelewa pigo zima, wimbo ukavunjika katikati kama mkate wa juzi.

Lakini kubwa kuliko hilo ni pumzi. Verdi ameandika Largo, yaani polepole sana, na kwaya iimbe kwa sauti ya chini. Kila mstari ukiisha una nafasi ya kuvuta hewa, tena ya kutosha. Mimi nimewapa mapigo 160 kwa dakika. Kufika mstari wa tatu nyuso zilikuwa zimebadilika. Sauti ya kwanza walisimama, wakaniangalia, wakasubiri niseme kitu.

Mwalimu alisema: "Mwanangu, umetuondolea mahali pa kupumulia."

Siku ya 14

Sijalala vizuri. Pumzi ni moja, hakimiliki ni la pili.

Verdi alifariki 1901. Nota zake ni za watu wote, nilizichukua kwenye maktaba ya nota ya IMSLP bila kumwogopa mtu. Lakini ninachonakili kwa sikio si Verdi, ni Emerson: zile besi, ule mpangilio, zile ingizo za ghafla. Hivyo vina wenyewe. Emerson mwenyewe alilijua hili kwa njia ngumu. Kwenye santuri ya kwanza ya bendi yake, ya 1970, "The Barbarian" imejengwa juu ya "Allegro barbaro" ya Béla Bartók, na jina la Bartók halikuwekwa. Miaka mitatu baadaye, alipotaka kutumia utunzi wa piano na okestra wa Alberto Ginastera kwa wimbo wa "Toccata", alifunga safari hadi Geneva kumwona mtunzi mwenyewe na kumsikilizisha. Ginastera akaridhia.

Mimi siwezi kwenda Geneva ya mtu yeyote. Kwa hiyo nimeamua leo, na nimewaambia wenzangu: tunaacha kumnakili Emerson. Tunabaki na wazo, Verdi kwenye mapigo matano, na kila noti inayobaki tunaitoa kwa Verdi mwenyewe. Wazo la tano si mali ya mtu.

Mpiga besi amesikitika, alikuwa ameshaipata besi yote. Wiki mbili zimepotea, au hazijapotea, sijui. Angalau mkono wa mpiga dramu umejifunza.

Siku ya 17

Leo nimegundua kitu nikiwa kwenye foleni ya benki.

Kwa kuwa sasa nimerudi kwa Verdi mtupu, nilikuwa nahesabu silabi za mashairi kwa vidole. Maneno ni ya Temistocle Solera. *Va, pensiero, sull'ali dorate*: va-pen-sie-ro-sul, l'a-li-do-ra-te. Kumi. Mstari wa pili, *va, ti posa sui clivi, sui colli*: kumi. Wa tatu kumi. Kumi ni tano mara mbili! Mashairi yenyewe yalikuwa yanaingia kwenye Kariakoo mbili tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nayasukuma kwa bega.

Yeyote aliyelelewa na mashairi yetu ya mizani anajua raha ya kidole kufika mwisho wa mkono mstari ukiisha. Mlinzi wa benki aliniangalia mara mbili.

Halafu nikahesabu mikazo, na hapo ndipo mambo yalipokolea. Kwenye kila mstari mkazo unaangukia silabi ya 3, ya 6 na ya 9: pen-SIE-ro, sul-L'A-li, do-RA-te. Sasa uweke kwenye vipimo viwili vya mapigo matano. Kipimo cha pili, silabi ya 6 inakuwa pigo la 1 na silabi ya 9 inakuwa pigo la 4. Ka na ko, pale pale kiki na sneya zilipo. Barabara ya lami. Lakini kipimo cha kwanza mkazo unaangukia pigo la 3, kwenye "a" ya Kariakoo, silabi ambayo haina kiki wala sneya. Mguu unakwenda chini, hakuna kitu. Shimo.

Kila mstari una shimo moja na lami moja. Shimo, lami, shimo, lami. Sikupanga. Mdundo wa tatu wa mashairi unagombana na mdundo wa tano wa dramu, na gari linaruka lenyewe.

Na bado kuna zawadi. Mstari wa nne wa kila ubeti umekatwa mwisho: *l'aure dolci del suolo natal*. Hesabu: silabi tisa. Unaishia kwenye pigo la 4, na pigo la 5 linabaki tupu. Ubeti wa pili unaishia "fatal", hivyo hivyo. Wa tatu "fu". Wa nne "virtù". Mapigo 40 kwa kila ubeti, kwa mwendo wetu ni sekunde 15, na mwishoni kabisa pigo moja lisilo na mtu.

Mwalimu ndiye niliyempigia wa kwanza. Nilimwambia: "Mahali pa kupumulia nimepaona. Ni padogo."

Siku ya 18

Mpiga dramu amekwenda mbele yangu. Nilipomweleza habari ya mikazo alikaa kimya, akapiga mapajani, akasema shimo tunaweza kulifukia: kipimo cha kwanza ukigawe mbili-tatu badala ya tatu-mbili. Ka-ri, a-ko-o. Hapo "sie" inapata sneya yake. Anaita Kariakoo ya kwenda na Kariakoo ya kurudi.

Tumejaribu. Ni kweli, inateleza kama mafuta. Nimekataa isitumike ubeti wa kwanza. Teksi isiyoruka ni ya nini? Tumekubaliana hivi: ubeti wa kwanza na wa pili wenye mashimo, wa tatu, "Arpa d'or", ndipo tunafukia.

Sababu iko kwa Verdi mwenyewe. Sehemu kubwa ya mwanzo kwaya yote inaimba sauti moja, hakuna kwanza wala pili, Waebrania wote kinywa kimoja. Mtunzi Rossini aliuelezea kama wimbo wa mwimbaji mmoja ulioimbwa na sauti zote nne. Kisha wakifika "Arpa d'or", ghafla sauti zinafunguka, kwaya inajaa, nguvu inapanda. Nywele husimama hata kwenye rekodi mbovu. Mahali hapo hapahitaji hila zangu.

Siku ya 20

Umeme ulikatika katikati ya mazoezi.

Nalieleza kwa urefu kwa sababu kwenye ile filamu kuna tukio la namna hiyo hiyo. Sara amerudi nyumbani bila kitabu, anaogopa, amemwomba jirani akae naye, santuri ya "Va, pensiero" inazunguka. Umeme unaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Taa zikizima na kwaya inazima katikati ya neno, zikiwaka na kwaya inarudi. Ni ujanja mdogo sana, swichi tu, lakini ukiwa unautazama usiku peke yako unatamani kuwaamsha jirani zako. Huko wimbo unabaki Verdi mtupu, wa polepole. Yaani Argento anautumia mara mbili: kwenye teksi umefichwa, nyumbani uko wazi, na ule ulio wazi ndio unaotisha zaidi.

Kwetu taa zilizima kwenye "fatidici". Kinanda kikafa, besi ikafa, feni ikaanza kupunguza mwendo juu ya vichwa vyetu. Kwaya haikufa. Hawakupepesa hata macho. Waliendelea gizani, watu wanane, na mpiga dramu akaendelea nao, kwa sababu dramu hazihitaji LUKU. Nilikaa mikono magotini nikisikiliza.

Ilichukua mistari miwili kabla sijang'amua kilichotokea. Mwendo ulikuwa umeshuka. Mtu mmoja alivuta pumzi mwisho wa mstari, wa pili akamfuata, noti za mwisho zikarefushwa kidogo, na mpiga dramu, bila kujua, alikuwa amerudi Magomeni. Mapigo manne. Mimi na waya zangu tulipoondoka tu, Verdi alirudi kukaa kwenye kiti chake.

Umeme uliporudi hakuna aliyesema tuanze tena. Mwalimu alivua miwani akaifuta.

Siku ya 22

Nimefikiria yale ya gizani. Kwa siku mbili nimetaka kuacha mapigo matano kabisa, nimwache mzee wa watu apumzike. Mpiga besi amenikaripia: "Kaka, ya mapigo manne ipo tayari, kila mtu anayo. Yetu je?"

Ana haki. Lakini nimebadili mwisho. Ubeti wa nne, kinanda, besi na dramu vinatoka kimoja kimoja, na kwaya inabaki peke yake, iende mwendo wake. Tano zikidumu, sawa. Zikirudi nne, sawa vilevile. Sitaandika vistari vya ubeti huo.

Siku ya 24

Pumzi tumeimaliza, na aliyeimaliza ni Mwalimu, kwa dakika kumi.

Sekunde 15 bila hewa, kwa kasi ile, na konsonanti za Kiitaliano, si jambo la kumwomba mtu aliyetoka kazini. Mwalimu amewapanga wapokezane. Sauti ya pili na ya nne wanaiba hewa kwenye kipimo cha shimo, kwenye silabi isiyo na mkazo, kwa hiyo hakuna anayeikosa. Ya kwanza na ya tatu wanaiba kwenye mstari unaofuata. Watu wawili wa sauti moja hawaruhusiwi kuvuta pamoja. Kisha kwenye pigo tupu, baada ya "natal", wote wanane kwa pamoja, na kila kitu kingine kinyamaze: kiki, sneya, besi, mimi.

"Kilivi" nayo imepona. Mwalimu amewaambia waseme "sui" kwa haraka waiegemeze kwenye "c", suik-livi. Imekubali.

Siku ya 27

Tumerekodi. Laptopu moja, maikrofoni mbili za kuazima, moja kwa kwaya, moja kwa sisi wengine, besi imeingia kwa waya. Dirisha limefungwa, feni imezimwa, wote tumelowa.

Jaribio la kwanza, simu ya mtu ililia. La pili, mimi nilikosea, na sitasema wapi. La tatu lilikuwa zuri hadi "Arpa d'or", mpiga dramu akaenda badala ya kurudi. La nne, muuza ice cream alipita nje na ule muziki wake, na kwa bahati mbaya alikuwa kwenye do yetu. La tano ndilo.

Nimelisikiliza usiku huu kwa hedifoni, mara tatu. Kinanda changu kiko juu mno ubeti wa pili, nitakishusha. Besi imenyooka. Ubeti wa nne, baada ya ala kutoka, kwaya imeshika tano kwa mistari miwili, halafu ya tatu wameiachia. Mwishoni, "virtù" wameishikilia kwa muda ambao sikuuandika popote.

Lakini ninaporudia ni kwenye dakika ya kwanza. Baada ya "natal" kila kitu kinanyamaza, na kwenye pigo lile moja la tano unasikia watu wanane wakivuta hewa. Kama shuka linalokung'utwa. Nilitaka kulifuta kwa programu, nikafika hadi kulichagua kwa kipanya. Nimeliacha.

Faili liko kwenye flashi. Mpiga besi amechukua nakala, mpiga dramu nakala. Mwalimu ameomba mbili, moja iwe ya ubeti wa nne peke yake.